Unataka Helmeti Yako Ya Nduthi Ipigwe Sprei? Soma Hii Kabla Fundi Afungue Kopo

Simama kwa steji yoyote Kisii town ama Keroka asubuhi na utaona maonyesho ya bure. Angalia vichwa tu. Kuna helmeti ya Arsenal, kuna ya Gor, kuna ya shabiki wa Shabana imeandikwa Tore Bobe kutoka sikio hadi sikio, kuna moja imechorwa meno ya papa, na kuna ile imejaa stika za mheshimiwa hadi huwezi jua ilizaliwa rangi gani. Boxer ni ile ile ya kila mtu, kwa hivyo msee anajitofautisha kwa kichwa. Hiyo tunaelewa kabisa. Mathree ziko na graffiti, Probox ziko na maandishi kwa kioo cha nyuma, mbona helmeti ikae tupu?

Ngori ni kwamba helmeti si mathree. Body ya mathree ikipigwa sprei mbaya, rangi itabambuka na mwenye gari atarudi kwa fundi kugombana. Helmeti ikipigwa sprei mbaya inaweza kupasuka siku ile moja unaihitaji, na hapo hakuna kurudi kwa fundi. Afadhali ujue unapaka nini kabla ya kutoa ganji.

Ganda na povu

Helmeti iko na vitu viwili vya kazi. Nje kuna ganda gumu. Ndani, chini ya kile kitambaa cha jasho, kuna povu gumu linaitwa EPS, ndugu ya ile styrofoam inakuja kwa boksi la TV mpya. Ganda kazi yake ni kusambaza pigo lisikae mahali pamoja na kukusaidia kuteleza kwa lami badala ya kushikwa. Povu kazi yake ni kupondeka ili ubongo usipondeke. Na likishapondeka halirudi. Ni kama njiti ya kiberiti, inawaka mara moja.

Hii kitu inafanya kazi, usidanganywe na wale wa "helmeti ni ya kukwepa masanse". Watafiti wa Cochrane walipiga hesabu za tafiti nyingi duniani na mwaka wa 2008 wakatoa jibu: helmeti inapunguza hatari ya kufa kwenye ajali ya pikipiki kwa 42%, na ya kuumia kichwa kwa 69%. Lakini hiyo ni helmeti ikiwa nzima.

Sasa cheki ganda. Helmeti nyingi za bei ya nduthi guy ni plastiki, ama ABS ama polikaboneti. Zile za bei juu zinaweza kuwa za faiba. Tofauti hii ndio inaamua kama sprei itakupendeza ama itakumaliza.

Polikaboneti ni ngumu kishenzi. Ndio hutumika hata kwa vioo vya kuzuia risasi. Lakini iko na adui mmoja, kemikali. Thina, asetoni (ndio ile ya kutoa rangi ya kucha), petroli, na vile vimiminiko vinavyobeba rangi ndani ya makopo mengi ya sprei ya gari. Plastiki ikimwagwa kwa moldi kiwandani na ipoe haraka, inabaki na mvutano ndani yake, hasa pale kwenye kona, matundu ya hewa na mahali mkanda umefungwa na riveti. Kemikali ikiingia inatafuta hapo hapo penye mvutano. Zinatokea nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui. Wakati mwingine unaziona, wakati mwingine zinakuja siku kadhaa baadaye, na kibaya zaidi ni kwamba rangi mpya imeshazifunika. Wewe unaona helmeti inang'aa. Ganda nalo limekuwa biskuti.

Na povu? Povu ndio mbaya kabisa. Kama unabisha, chukua kipande cha styrofoam ukiweke kwa kifuniko chenye petroli kidogo, mbali na moto. Kitayeyuka ukikiangalia, kama sukari kwa chai ya Nyansiongo. Sasa fikiria ile tabia ya kuchovya kitambaa kwa petroli ndio upanguse helmeti ing'are. Tone likiingia kwa tundu la hewa, linakula povu ndani na nje hakuna kitu kinaonekana.

Faiba inavumilia rangi zaidi, na ndio maana wasanii wa helmeti za mbio huko majuu hupenda kufanyia kazi zao hapo. Hata hivyo fundi anatoa povu na kitambaa kama vinatoka, ama anafunika kila tundu kwa masking tepu. Anapiga msasa laini na maji, akigusa ile vanishi ya juu tu bila kufikia nyuzi za faiba. Watu wa Tabaka wanaochonga mawe ya Kisii hawahitaji kufundishwa hii. Msasa wa maji, polepole, hakuna haraka, ndio jiwe linapata ule ulaini. Ila usikaushe helmeti na taa ya joto ama ndani ya oveni ya panel beater. EPS haipendi kupita nyuzi 80 hivi. Rangi itakauka poa, povu litakuwa limenywea.

Utajuaje yako ni gani? Toa kitambaa ama angalia nyuma kwa shingo. Kuna lebo. Ukiona PC ama ABS, ni plastiki. Soma onyo lake pia, kampuni nyingi huandika wazi usipake rangi, usitumie petroli, na wengine wanakataza hata stika. Ukikosa lebo kabisa, ichukulie kama polikaboneti na usiiguse na sprei. Na ukikosa lebo kabisa, swali kubwa si rangi tena, ni kwa nini uliinunua.

Wale wa Marekani walianza na brashi

Huu ujanja wa kupamba helmeti hatukuuanzisha sisi. Wenye waliufanya ukawa dini ni wachezaji wa futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wa umbo la yai. Mwaka wa 1948 kulikuwa na mchezaji wa Los Angeles Rams anaitwa Fred Gehrke, alikuwa amesomea sanaa. Akachukua rangi akachora pembe za kondoo dume kwa helmeti za timu yote, 75 hivi, kwa dola moja kila moja. Hizo zilikuwa za ngozi. Ndio zikawa helmeti za kwanza za NFL zenye nembo.

Lakini si unajua vile vichwa hugongana kwa hiyo mchezo. Rangi ilikuwa inabambuka kila wikendi, na jamaa akamaliza msimu akitembea na kopo la kuziba viraka. Mwaka uliofuata kampuni ya Riddell ikaleta helmeti za plastiki zenye zile pembe zikiwa ndani ya plastiki yenyewe. Baadaye stika nene za vinili ndio zikashika. Hadi Mkenya wetu Daniel Adongo, aliyetoka raga akaingia Indianapolis Colts mwaka wa 2013, ile kiatu ya farasi alivaa kichwani ni stika. Pittsburgh Steelers nao tangu 1962 wanaweka nembo upande wa kulia peke yake. Walikuwa wanajaribu tu kuona vile itakaa, ikapendwa, ikabaki. Kwa hivyo ukiishiwa na pesa ya stika ya pili, sema wewe ni Steelers.

Kitu cha kuiba kutoka kwao ni mpangilio, zaidi ya hata hizo nembo. Huko helmeti nyingi za shule na vyuo hupelekwa kwa kampuni maalum msimu ukiisha. Zinavuliwa kila kitu, zinaoshwa, zinakaguliwa kama kuna ufa, mbovu zinatupwa, na sampuli zinapimwa kwa viwango vya NOCSAE, shirika lililoanzishwa 1969 kwa ajili ya usalama wa vifaa vya michezo. Rangi inayotumika ni ile imekubaliwa kwa ganda hilo. Na tangu 2011 hizo kampuni zimekataa helmeti yoyote imepitisha miaka 10, ata kama inakaa mpya.

Umeona? Kwao ukaguzi na rangi vinakuja kwa mkono mmoja. Hakuna mtu anapakia rangi ganda ambalo hajalikagua. Huku mtaani rangi inaweza kuja peke yake, na hiyo ndio inaleta noma ya pili.

Helmeti ya kuokota

Msee ameanguka huko kwa kona za Nyamache, ako sawa, lakini helmeti imegonga lami. Kwa haki hiyo helmeti imemaliza kazi yake duniani. Lakini ilinunuliwa pesa, so kuitupa inauma. Inapanguswa, inapigwa nyeusi isiyong'aa, stika mbili za moto, inauzwa kwa bei ya kirafiki. Anayenunua anaona drip. Hajui ananunua povu limeshapondeka.

Kwa hivyo ukiuziwa helmeti yenye rangi mpya, usikimbilie kioo kujiangalia. Igeuze. Vuta ule mpira wa pembeni kidogo uone kama rangi imeingia mahali haifai, kwa mpira, kwa riveti, kwa mkanda, ndani ya matundu. Kiwanda hakichafui hivyo. Toa kitambaa uangalie povu lote kwa tochi ya simu, unatafuta ufa, mahali pamebonyea, ama nafasi kati ya povu na ganda. Kisha shika pande mbili kwa viganja ufinye kidogo huku umeweka sikio. Ganda zima linakaa kimya. Likilia krr krr, mrudishie mwenyewe na umtakie siku njema.

Tafuta pia tarehe ya kutengenezwa, kawaida iko chini ya kitambaa ama kwa mkanda. Snell, wale Wamarekani wa kupima helmeti, wanashauri ubadilishe baada ya miaka 5 ya kutumia, juu jasho, mafuta ya nywele na jua vinachosha gundi na povu hata kama hujawahi kuanguka. Rangi mpya haiongezi ata siku moja kwa hiyo miaka.

Na usidanganywe na herufi za nyuma. DOT ni alama ya Marekani, na ni stika tu. Mtu mwenye mashine ya kuchapisha anaweza kutoa mia moja kabla ya lanchi. Ile ya ECE, yaani herufi E na namba ndani ya duara, hushonwa kwa mkanda wa kidevu, kwa hivyo angalau mdanganyifu atahitaji cherehani. Ya kwetu ni alama ya KEBS. Ukipaka rangi juu ya hizi alama umejichimbia shimo, juu hutaweza kuthibitishia mtu yeyote kwamba helmeti ilikuwa fiti.

Basi bandika stika, lakini bandika kama fundi

Hapa ndio tunapenda. Stika ya vinili haina zile kemikali za sprei, inatoka ukichoka nayo, na ukifanya poa inakaa kuliko rangi. Kama lebo yako haijakataza stika, hii ndio form.

Osha ganda na maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Hakuna thina, hakuna sanitaiza. Kuna stika ya zamani imegoma? Iwekee kitambaa chenye maji ya moto kiasi kwa dakika chache, ibambue pole pole kuanzia kona, gundi iliyobaki ipake mafuta ya kupikia kidogo, ingoje, kisha osha na sabuni tena. Acha ikauke kabisa. Wasee wengi wanaharibu hapa, wanabandika juu ya unyevu na vumbi, halafu mvua ya saa nane ya Kisii inamaliza kazi.

Pima kabla ya kubandika. Piga mstari wa masking tepu kutoka katikati ya uso hadi katikati ya kisogo, na mwingine kuzunguka pembeni. Shikilia stika kwa vipande vidogo vya tepu, weka helmeti mezani, rudi nyuma hatua tano uangalie. Jicho la karibu linadanganya. Kama nembo iko na upande, tuseme chui anaangalia mbele, mwambie mwenye kuchapisha akutolee ya kushoto na ya kulia zikiwa zimegeuzwa. La sivyo chui mmoja ataangalia barabara na mwingine atakuangalia wewe.

Halafu kuna siri ya maji. Changanya maji na matone mawili ya sabuni, nyunyizia ganda kidogo, kisha weka stika. Itateleza, na hiyo ndio unataka, unaisukuma hadi ikae sawa. Anza katikati ukisukuma maji nje na kadi. Ile kadi ya NHIF ulibaki nayo baada ya SHA kuingia, hapa imepata kazi. Tumia ile upande umefunikwa na kitambaa usikwaruze. Kiputo kikibaki, dunga na sindano ukikanyage na kidole. Toboa stika tu, usitoboe ganda.

Helmeti ni duara, stika ni bapa, na hapo ndio vita iko. Stika kubwa moja itajikunja tu. Afadhali vipande vidogo vitano kuliko kimoja kikubwa, ama ukate mikato midogo kwa ukingo ndio ikae. Kata ikiwa mkononi. Ukikata na wembe ikiwa imeshabandikwa, wembe unachora mstari kwa ganda, na mstari huo ndio ufa unapenda kuanzia. Usizibe matundu ya hewa, na usibandike kitu kwa kioo cha mbele. Usiku kati ya Nyamira na Kebirigo, na ule ukungu wa majani chai, kila sentimita ya kuona ina bei.

Iache siku nzima bila mvua na bila kuivaa.

Kuna wale watasema stika haina roho, wanataka mchoro wa mkono. Sawa. Mpe msanii karatasi ya vinili nyeupe achore hapo juu, na kalamu za rangi ama akriliki ya maji, ikauke kabisa, ndio uihamishie kwa helmeti. Sanaa ni yake, mkono ni wake, na ganda halijaguswa na tone la kemikali. Msee akikuambia haiwezekani, mwambie akuonyeshe lebo ya kopo lake na akusomee vitu viko ndani.

Ukiniuliza mimi, stika ya kwanza kununua wala si ya Arsenal. Ni ile tepu ya kurudisha mwanga, vipande viwili nyuma na kimoja kila upande. Kifungu cha 103B cha Sheria ya Trafiki kinamtaka mwenye nduthi na abiria wake wawe na helmeti na jaketi ya riflekta, lakini jaketi inafunikwa na begi, na abiria, na gunia la ndizi. Kichwa kiko juu ya hayo yote. Dere wa lori anayeshuka kutoka Keroka usiku ataona kichwa kwanza. Na unaweza kuikata kwa umbo lolote, hata pembe za kondoo za yule Gehrke.

Kitu kingine, juu mwaka wa 2027 hauko mbali. Msimu wa siasa helmeti na riflekta za bure hugawiwa kwa steji, zikiwa na rangi ya chama na sura ya mgombea. Chukua, bure ni bure. Lakini toa kitambaa kabla ya kuivaa, uangalie lebo, povu na mkanda kama vile ungeangalia ya kununua. Kama ndani ni sponji laini peke yake bila lile povu gumu, hiyo ni kofia ya kampeni. Ivae kwa mkutano, usiivae kwa barabara.

Na ile yako ya zamani iliyogonga chini, usimwachie mdogo wako na usiiuze. Kata mikanda yote miwili kwa kisu, piga ganda msumeno katikati ndio mtu asiiokote aipeleke kwa sprei. Nusu moja inaweza kuwa chombo cha kulishia kuku.